Kazi ya haki za binadamu ukiwa nyumbani: mlango uko wapi?

Nurusheria anauliza:

Ndugu zangu, nawasalimu na kuomba ushauri wenu.

Nina shahada ya sheria, na kwa miaka miwili nilijitolea katika asasi ndogo iliyokuwa ikipokea malalamiko ya wafanyakazi wa majumbani. Nilikuwa nikiwasikiliza, nikiandika maelezo yao, nikiyapanga kwa tarehe, kisha nikiandaa muhtasari ambao wakili aliutumia katika usuluhishi. Ruzuku ilipokwisha, asasi ilifungwa. Kabla sijapata pa kushika, mama yangu akapatwa na maradhi ya muda mrefu, na kwa kuwa mimi ndiye ninayemuuguza, siwezi kuhama wala kukubali kazi inayonitaka niwe ofisini kutwa.

Kwa miezi saba sasa nimeomba kila nafasi ya haki za binadamu iliyotangazwa kuwa inafanyika kwa mbali. Nimetuma maombi 42. Majibu niliyopata ni matatu, yote ya kunishukuru na kunitakia heri. Mara mbili nilifika nusu ya fomu ndipo nikagundua kwamba maneno "kwa mbali" yalikuwa na sharti lililofichwa chini kabisa, yaani mwombaji awe na kibali cha kufanya kazi katika nchi fulani. Mara moja niliandikiwa kwamba nimepata kazi bila hata kusailiwa, ila nilipe kwanza gharama za mafunzo. Sikulipa, lakini niliumia, kwa sababu kwa saa kadhaa niliamini.

Sitaki kuiacha kazi hii. Katika asasi ile nilimhudumia mama mmoja ambaye hakuwa amelipwa mshahara kwa miezi 14, na mwajiri wake alikana kila kitu. Kilichomwokoa ni kijidaftari alichokuwa akichora mstari kila mwezi ulipokwisha bila malipo, na kando ya mstari akaandika kiasi alichoahidiwa. Tulikaa siku nne tukiilinganisha mistari ile na ujumbe uliokuwa katika simu yake, na mwishowe akalipwa. Tangu siku hiyo nimejua ninachotaka kufanya maishani.

Naomba kuuliza: je, kazi hizi zipo kweli kwa mtu asiye na jina wala mtu wa kumshika mkono? Zinatangazwa wapi? Na nijifunze nini ili nifae?

Mpokeamaombi anajibu:

Pole sana kwa kumuuguza mama, na Mungu amjalie nafuu. Mimi kwa miaka mingi nimekuwa miongoni mwa watu wanaoyasoma maombi kama yako, nikiyachambua na kuamua nani aitwe kwenye usaili, kwa hiyo nitakueleza ninavyoona bila kukuficha.

Kwanza, ukimya ule si hukumu juu yako. Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje Januari 2025, na ilipofika Julai mwaka huo shirika lake la misaada, USAID, lilikuwa limefungwa rasmi. Mashirika mengi yaliyotegemea fedha hizo, moja kwa moja au kupitia mashirika mengine, yalipunguza watu wenye uzoefu mkubwa, na watu hao sasa wanaomba nafasi zilezile unazoomba wewe. Hapo ndipo ulipoingilia sokoni.

Pili, nadhani unaomba kwa namna inayokuficha. "Haki za binadamu" si kazi, ni uwanja. Ndani ya uwanja huo watu huajiriwa kuwa watafiti, wahariri wa ripoti, waandishi wa maombi ya ruzuku, wasimamizi wa kanzidata za ushahidi, wafasiri, wakufunzi wa usalama wa kidijitali, wahasibu, waratibu wa kampeni. Mtu anayeomba nafasi 42 za aina mbalimbali hulazimika kuandika barua inayofaa zote, na barua ya namna hiyo haiwezi kumwonyesha msomaji mkono wake unajua nini. Ningekuwa wewe ningechagua kazi mbili tu kati ya hizo, nikaacha nyingine zipite hata zikitamanisha.

Kuhusu sharti lililokukwamisha, lina sababu yake. Shirika linapomwajiri mtu, huwa na wajibu wa kodi na michango ya hifadhi ya jamii katika nchi anayoishi mtu huyo. Likiwa halijasajiliwa huko, ama litatumia kampuni inayoajiri kwa niaba yake, ama litampa mkataba wa mshauri mwelekezi, ama litaandika katika tangazo kwamba linataka mkaazi wa nchi fulani. Kwa hiyo usitafute nafasi za ajira peke yake. Tafuta pia matangazo ya washauri waelekezi na ya orodha za wataalamu wanaoitwa kazi inapotokea, kwani huko makazi ya mtu hayatazamwi sana. Lakini uingie ukijua kwamba mshauri mwelekezi kwa kawaida hana likizo ya malipo wala bima ya afya, na kodi yake hujilipia mwenyewe. Bei utakayotaja ikisahau mambo hayo, utakuwa umejipunja, nawe una mgonjwa wa kumtunza.

Matangazo yapo ReliefWeb, tovuti inayoendeshwa na ofisi ya Umoja wa Mataifa ya uratibu wa misaada ya kibinadamu, ambako unaweza kuchuja kazi zisizofungwa kwenye nchi moja. Yapo pia Idealist na Impactpool. Hata hivyo, mashirika madogo mengi hutangaza katika kurasa zao tu, basi andaa orodha ya mashirika ishirini yanayofanya jambo unalolijua na uzitembelee kurasa hizo kila wiki. Na yule aliyetaka ulipie mafunzo alikuwa tapeli. Umoja wa Mataifa umetangaza wazi kwamba hautozi ada katika hatua yoyote ya uajiri, na shirika lolote la haki lenye heshima yake hufanya vivyo hivyo.

Sasa nisemalo kwa uzito kuliko yote. Habari ya yule mama na kijidaftari chake, je, uliiandika katika ombi hata moja kati ya yale 42? Naogopa kwamba hukuiandika, na kwamba badala yake uliandika kuwa una ari kubwa ya kutetea haki. Mimi nikisoma kwamba mwombaji alikaa siku nne akilinganisha mistari ya kalamu na ujumbe wa simu mpaka deni likathibitika, najua anaweza kukusanya ushahidi. Haki za wafanyakazi wa majumbani ni fani kamili: ina Mkataba Na. 189 wa Shirika la Kazi Duniani uliopitishwa mwaka 2011, Pendekezo Na. 201 linaloandamana nao, maoni ya jumla ya mwaka 2011 ya kamati ya Umoja wa Mataifa ya wafanyakazi wahamiaji, na shirikisho la kimataifa la vyama vya wafanyakazi hao. Ukizisoma nyaraka hizo kwa mwezi mmoja, ukiwa tayari umekaa na wahusika miaka miwili, utakuwa na kitu ambacho wengi wa washindani wako hawana.

KivuliNaMlima anajibu:

Naungana na aliyetangulia, na ninaongeza fani moja ambayo imezaliwa ikiwa ya mbali, yaani uchunguzi wa vyanzo huria. Hii ndiyo kazi yangu, na ninaifanya chumbani kwangu.

Kwa ufupi, mtu amepiga video ya tukio la ukatili na kuiweka mtandaoni. Kazi yetu ni kuthibitisha ilipigwa wapi, lini, na walioonekana ni akina nani. Mfano ambao kila anayejifunza fani hii huusoma ni ule wa Kamerun. Julai 2018 ilisambaa video ya wanaume waliovaa sare za kijeshi wakiwaua wanawake wawili na watoto wao. Serikali iliikana na kuiita habari ya uongo. Wachunguzi wa BBC, wakishirikiana na watu wa Amnesty International na wa Bellingcat, kikundi cha wachunguzi wa mtandaoni, waliuchukua mstari wa vilele vya milima uliokuwa nyuma ya picha wakaulinganisha na sura ya ardhi katika Google Earth hadi wakapata mahali penyewe, karibu na kijiji cha Zelevet, kaskazini ya mbali ya nchi hiyo. Majengo yanayoonekana na kutoweka katika picha za setilaiti za miaka tofauti yaliwapa kipindi. Kisha walipima vivuli vya askari wanaotembea, kwa sababu kivuli hubadilika urefu na upande kufuatana na saa na msimu, wakahitimisha kwamba tukio lilikuwa kati ya tarehe 20 Machi na 5 Aprili 2015. Septemba 2020 mahakama ya kijeshi iliwahukumu askari wanne kifungo cha miaka 10. Sehemu kubwa ya kazi ile ilifanywa na watu walioketi mbele ya kompyuta, mbali sana na milima yenyewe.

Nakuandikia haya, Nurusheria, kwa sababu ulichokifanya na kile kijidaftari kina mantiki ileile: alama moja haitoshi, mpaka ikubaliane na alama ya pili iliyotoka mahali pengine. Una akili ya kazi hii, na zana utajifunza. Anza na Itifaki ya Berkeley, mwongozo uliozinduliwa mwaka 2020 na Ofisi ya Kamishna Mkuu wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Binadamu pamoja na kituo cha haki za binadamu cha Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley. Unapatikana bure, na unaeleza jinsi ya kutafuta, kuhifadhi na kuthibitisha nyenzo za mtandaoni ili ziweze kusimama hata mahakamani. Kwa mwanasheria, sura za uhifadhi ndizo zenye utamu, kwani huko ndiko ushahidi mwingi unakofia: mtu amenakili picha ya skrini bila anwani ya ukurasa, bila saa aliyoinakili, bila alama ya kidijitali ya kuonyesha kwamba faili halijaguswa, na baada ya miaka mitatu hakuna anayeweza kuapa juu yake. Picha za setilaiti za Sentinel-2 ni za bure, zina ubora wa mita 10 kwa kila nukta, na mahali pamoja hurudiwa takribani kila baada ya siku tano, kwa hiyo unaweza kufanya mazoezi ya kuona kijiji kilichochomwa au makazi yaliyobomolewa bila kumwomba mtu fedha.

Nina tahadhari moja, nayo si ndogo. Utatazama mambo mabaya, tena nyumbani, karibu na mgonjwa wako. Mwaka wangu wa kwanza sikujiwekea mpaka wowote; nilikuwa nikitazama video za mauaji kitandani usiku, na kwa miezi kadhaa usingizi ulinihama. Siku hizi nazima sauti isipokuwa inapohitajika, kwa sababu kilio huumiza kuliko picha. Nalipunguza dirisha la video liwe dogo. Sitazami chochote baada ya jua kuzama. Na kazi hiyo siifanyii kamwe katika chumba ninacholala. Katika usaili uliza shirika lina utaratibu gani wa kuwasaidia watumishi kisaikolojia. Wakijibu kwa kubabaika, fikiri mara mbili.

BiTafsiri anajibu:

Nami niseme kidogo kuhusu lugha, maana naona mwenzetu anaandika Kiswahili safi na bila shaka Kiingereza cha sheria amekisomea.

Umoja wa Afrika uliikubali lugha yetu kuwa lugha yake ya kazi Februari 2022, na mashirika yanayokusanya maelezo ya mashahidi wanaozungumza Kiswahili yanahitaji watu wa kuyafasiri bila kuyapindisha. Hii si kazi ya kila ajuaye lugha mbili. Shahidi akisema "alinishika kwa nguvu", mfasiri ni lazima ajue kama katika muktadha ule maneno hayo yanamaanisha kukamatwa, kupigwa au kubakwa, na asipojua aweke maelezo ya pembeni wala asimchagulie shahidi maana. Nimewahi kurekebisha tafsiri ambamo neno moja la namna hiyo lilikuwa limelifuta kosa zima la jinai. Yule mwanamke alikuwa amesema ukweli wake wote, na karatasi ikamnyamazisha.

Huduma ya kujitolea mtandaoni ya Umoja wa Mataifa ina kazi za kufasiri, kuhariri na kutafiti. Haina malipo, na kazi moja ina ukomo wa saa 20 kwa wiki na majuma 12. Chukua moja, imalize vizuri, uombe barua ya kukutambulisha, kisha usiendelee kutoa bure kile ambacho watu wanakilipia. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nimeona vijana wazuri wakijitolea miaka minne mfululizo, wakisifiwa kila mwaka, hadi wakaiacha kazi kwa njaa.

Mpokeamaombi anaongeza:

Nimekumbuka jambo la manufaa. Ukikosa kazi ya kuonyesha, itengeneze. Kila nchi mwanachama wa Umoja wa Mataifa hupitiwa katika Baraza la Haki za Binadamu kila baada ya takribani miaka minne na nusu, utaratibu ulioanza mwaka 2008, na asasi za kiraia huruhusiwa kupeleka taarifa zao. Taarifa ya asasi moja haipaswi kuzidi maneno 2,815, na ya pamoja ni maneno 5,630. Taarifa hizo huwekwa hadharani. Soma kumi zinazogusa wafanyakazi wa majumbani, utaona upesi ipi imeandikwa na mtu anayejua na ipi imejaa malalamiko yasiyo na tarehe. Kisha angalia ni nchi ipi inakaribia kupitiwa, utafute asasi inayohusika na wafanyakazi hao, uwaandikie kwamba unaweza kuwasaidia kuandaa rasimu, ukiambatanisha kurasa mbili ulizoandika mwenyewe. Mimi nimewahi kumwajiri mtu kwa kurasa mbili za namna hiyo, ingawa wasifu wake ulikuwa mfupi kuliko wa wote.

Nurusheria anaandika tena:

Nawashukuru kutoka moyoni. Ni kweli, habari ya kijidaftari sikuiandika mahali popote. Nilidhani ni ndogo mno, na pia niliogopa, na woga huo bado ninao. Watu wale walinieleza mambo yao kwa siri. Nitawezaje kueleza uzoefu wangu kwa mwajiri nisiyemjua bila kuwasaliti?

Nimejaribu kuandika aya hii, naomba mniambie kama inafaa: "Kati ya wafanyakazi niliowahudumia alikuwapo mama mwenye watoto watatu, aliyefanya kazi kwa miezi 14 bila mshahara katika nyumba ya mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi. Kwa kulinganisha alama za daftari lake na ujumbe wa simu, niliandaa jedwali la madai lililowezesha alipwe."

KivuliNaMlima anajibu:

Swali hilo lenyewe ningelipenda nilisikie kwa kila ninayemsaili.

Sentensi yako ya pili iache ilivyo. Ya kwanza ina mambo manne, na mimi ambaye kazi yangu ni kutambua watu kwa vipande vidogo nakuambia kwamba matatu yanatosha kumpata: idadi ya watoto, idadi ya miezi, na biashara ya mwajiri. Ondoa watoto na biashara kabisa. Miezi 14 iandike "zaidi ya mwaka mmoja". Usitaje mwaka wala mji. Hata hapa juu umeshaitaja ile 14, tena mara mbili, na ningekushauri uirekebishe leo kama bado unaweza. Pia, kama una namna ya kumpata, mwulize mwenyewe kama yuko radhi habari yake itumiwe hivyo. Akikataa, andika juu ya njia uliyoitumia bila kumgusa mtu.

Na yale maelezo ya wafanyakazi uliyoyaandika zamani, kama bado yamo katika kompyuta yako ya nyumbani baada ya asasi kufungwa, kwanza jua ni nani mwenye wajibu nayo kisheria, wakili yule au aliyekuwa mkurugenzi, umwandikie. Wakati unasubiri jibu, yafunge kwa nenosiri refu katika diski iliyosimbwa, yaani isiyosomeka bila nenosiri hilo, na uyatoe katika barua pepe. Ukikwama, Access Now, shirika la kutetea haki za kidijitali, wana dawati la msaada wa usalama wa kidijitali kwa asasi na watetezi wa haki, linalofanya kazi saa 24 bila malipo, nao hujibu kwa lugha kadhaa. Fanya hivyo kabla ya kutuma ombi la 43.

Nurusheria anaandika tena:

Yamo bado. Folda nzima, majina na yote. Namwandikia wakili sasa hivi.